Henry Fowler: mwalimu aliyetenganisha maneno mapacha ya Kingereza

Mwanafunzi wa sekondari wa Bukavu, Beni ao Kalemie anaanza kujifunza Kingereza akiwa tayari na Kifaransa kichwani. Siku moja anakuta neno «economic» ndani ya kitabu, anaona linafanana na «économique», anafurahi. Kesho yake anakuta «economical». Hili nalo ni la nini? Mara nyingi anajibiwa kwamba yote mawili ni kitu kimoja, na somo linaendelea.

Kumbe si kitu kimoja. Hata Kiswahili kina maneno ya namna hiyo. Mtu akisema amekopa na kumbe alikopesha, mwenye mali anageuka mwenye deni, na kesi inaweza kufika mbele ya chifu. Silabi moja tu inageuza mambo yote.

Huko Uingereza kulikuwa mzee mmoja mwenye alitumia miaka karibu 15, na vita katikati yake, akiandika kitabu kikubwa juu ya tofauti kama hizo. Hakuwa profesa wa chuo kikuu wala waziri. Alikuwa mwalimu aliyeacha kazi. Jina lake ni Henry Watson Fowler, na kufika leo Waingereza wakibishana juu ya neno, wengi wanaenda kutafuta jibu kwake.

Mtoto wa mchungaji

Fowler alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 1858 katika mji wa Tonbridge, kusini-mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Anglikana na tena mwalimu. Henry ndiye alikuwa mvulana mkubwa katika nyumba yenye watoto wengi. Alisoma kwenye shule ya Rugby, shule yenye sifa, na mwaka 1877 akaingia chuo kikuu cha Oxford. Wakati ule vijana wa namna yake walisomeshwa zaidi Kilatini na Kigriki. Kutafsiri sentensi moja, kupima kila neno, kuuliza kwa nini mwandishi alichagua hili akaacha lile, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya kila siku.

Mwaka 1879, akiwa bado mwanafunzi, baba yake akafariki. Kwa sababu yeye ndiye mkubwa, mzigo wa kuwa kama baba kwa wadogo zake ukamwangukia. Kati ya wadogo hao kulikuwa Francis, ambaye watu wa nyumbani walimwita Frank. Frank alipishana na Henry kwa miaka karibu 13. Jina lake litarudi mara nyingi katika historia hii.

Miaka 17 ya ualimu, kisha hapana

Mwaka 1882 Fowler alipata kazi kwenye shule ya Sedbergh, kaskazini mwa Uingereza, katika nchi ya milima na baridi. Alifundisha hapo miaka 17. Alikuwa mtu wa haya, asiyesema sana, lakini mwenye mwili wa nguvu. Alipenda kukimbia, kupanda milima na kuogelea katika maji ya baridi ambayo wengine waliogopa hata kuyagusa.

Ikafika wakati wa kumpandisha cheo, apewe nyumba moja ya bweni aisimamie. Kwa mwalimu wa wakati ule, hiyo ilikuwa nafasi nzuri: heshima, mshahara, maisha ya kutulia. Lakini kulikuwa sharti moja. Msimamizi wa nyumba alipaswa kuwatayarisha vijana kupokea kipaimara katika kanisa. Fowler, mtoto wa mchungaji, hakuwa tena na imani hiyo. Angeweza kunyamaza, kusoma maneno ya kitabu mbele ya vijana na kupokea mshahara mwisho wa mwezi. Alikataa. Aliona si haki kufundisha watoto jambo ambalo yeye mwenyewe haliamini.

Mwaka 1899 akaacha kazi. Alikuwa na miaka 41, bila bibi, bila nyumba yake, bila kazi nyingine iliyomngoja. Akahamia London kujaribu kuishi kwa kalamu. Aliandika makala kwa magazeti, lakini hayakumpa jina wala pesa nyingi. Mtu aliyemwona siku zile angeweza kusema maisha yake yameharibika.

Ndugu wawili kwenye kisiwa

Mwaka 1903 Henry alihama tena, akaenda Guernsey, kisiwa kidogo kilicho karibu na pwani ya Ufaransa lakini chini ya mfalme wa Uingereza. Frank alikuwa huko akilima nyanya za kuuzisha. Ndugu hao wawili wakakaa jirani, kila mmoja na nyumba yake ndogo, wakaanza kufanya kazi ya maandishi pamoja.

Kwanza walitafsiri vitabu vya Lucian, mwandishi wa Kigriki wa zamani sana mwenye kuchekesha. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1905 katika sehemu nne. Kazi hiyo ndiyo iliwafungulia mlango wa nyumba ya vitabu ya chuo kikuu cha Oxford.

Mwaka 1906 wakatoa «The King's English», kitabu kinachoonyesha makosa ya Kingereza. Hawakuchukua makosa ya watoto wa shule. Waliyatoa katika magazeti makubwa ya London na katika vitabu vya waandishi wenye sifa, wakayaweka mbele ya msomaji na kueleza kosa liko wapi. Ushauri wao ulikuwa mwepesi kuukumbuka: chukua neno ambalo watu wanalijua kuliko neno la mbali, neno fupi kuliko refu, neno moja kuliko kuzunguka na maneno matano. Watu wakakinunua. Mwalimu aliyeacha kazi na mlimaji wa nyanya walikuwa wanasahihisha wakubwa, na wakubwa wakawa wanasoma.

Tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 1908, siku aliyotimiza miaka 50, Henry alioa. Bibi yake aliitwa Jessie Marian Wills, muuguzi aliyekuwa akiendesha nyumba ya wagonjwa pale kisiwani. Ndoa yao ilikuwa ya upendo mkubwa kufika mwisho.

Mwaka 1911 ndugu hao wakamaliza kamusi ndogo ya Oxford, inayoitwa «Concise Oxford Dictionary». Kamusi kubwa ya Oxford ilikuwa bado haijaisha, ingeisha tu mwaka 1928. Kwa herufi za kwanza waliweza kutegemea kile kilichokwisha kuchapwa. Kwa herufi za mwisho ilibidi wajitegemee wenyewe, neno kwa neno. Hapo ndipo walijifunza kupima kila neno kama muuza zahabu anavyopima vumbi lake: kidogo tu kikizidi, bei si ileile.

Umri wa uongo

Walikuwa tayari wamepanga kitabu kingine, kikubwa zaidi, juu ya matumizi ya Kingereza. Kisha mwaka 1914 vita vikuu vya kwanza vikaanza.

Pale Guernsey, Henry na Frank walisaidia kuhimiza vijana waingie jeshini. Baadaye jambo hilo likawasumbua moyoni. Waliona aibu kuwatuma wengine mahali ambapo wao hawaendi. Kwa watu wanaojua namna vijana wanavyoitwa vitani huku wasemaji wakibaki nyumbani, hili halihitaji maelezo marefu. Basi mwaka 1915 wote wawili wakajiandikisha kuwa askari. Henry alikuwa na miaka 57. Alisema ana miaka 44.

Mtu aliyeacha mshahara kwa kukataa kufundisha asichoamini, safari hii alidanganya. Alidanganya ili aende kwenye hatari, si ili aikimbie.

Walipofika Ufaransa, wakubwa wa jeshi hawakuwapeleka kwenye mahandaki. Waliwaweka nyuma, kuosha sahani, kubeba makaa ya mawe, kufanya kazi za jikoni. Ndugu hao wakaandika barua ya kulalamika: walikuja kupigana, na kama hawatakiwi kupigana, warudishwe nyumbani. Mwaka 1916 Henry alirudishwa Uingereza na kutoka jeshini. Frank alishikwa na kifua kikuu katika kazi ya jeshi. Mwaka 1918 akafa.

Henry alibaki peke yake na makaratasi ya watu wawili.

Kitabu cha mwaka 1926

Aliendelea. Mwaka 1924 alitoa kamusi nyingine, ndogo ya mfukoni, waliyokuwa wameianza pamoja. Mwaka 1925 yeye na bibi yake wakahamia Hinton St George, kijiji cha kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1926 kitabu kikubwa kikatoka: «A Dictionary of Modern English Usage». Fowler alikitoa kwa kumbukumbu ya mdogo wake, akaeleza kwamba kingekuwa bora kama Frank angeishi kukiandika naye.

Kitabu kimepangwa kama kamusi, lakini mtu anakisoma kama mazungumzo na mzee mkali mwenye kujua kuchekesha. Sehemu moja aliipa jina lenye maana ya jozi na mitego. Humo alikusanya maneno yanayofanana mawili mawili, yanayowanasa watu kila siku. Mengine aliyaeleza peke yake, kila moja mahali pake. Hii ni mifano michache, na wale wenye kusoma Kifaransa waangalie vizuri, kwani mitego mingine inawangoja wao zaidi.

«Economic» ni jambo linalohusu uchumi, kama vile shida za uchumi wa nchi. «Economical» ni kitu kisichokula pesa nyingi. Pikipiki inayokwenda mbali kwa mafuta kidogo ni «economical». Kifaransa kina neno moja tu kwa maana hizo mbili, ndiyo maana Mkongomani anachanganya.

«Historic» ni jambo kubwa lenye kuacha alama katika historia. «Historical» ni kitu kinachohusu mambo ya zamani, kiwe kikubwa ao kidogo. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, siku ya uhuru wa Kongo, ni siku «historic». Karatasi ya kodi ya mwaka ule, hata kama haina maana kubwa, ni karatasi «historical». Hapa pia Kifaransa kinatumia neno moja, «historique».

«Continual» ni jambo linalorudiarudia, linakatika na kuanza tena. «Continuous» ni jambo lisilokatika hata dakika. Mtu anayeishi na umeme unaokuja na kupotea mara tano kwa siku anajua tofauti hiyo vizuri. Kukatika kwa umeme ni «continual». Umeme wenyewe, anaoutamani, ungekuwa «continuous».

«Luxuriant» ni kitu kinachoota kwa wingi, kama msitu ao nywele nyingi za kichwani. «Luxurious» ni kitu cha raha na anasa, kama hoteli ya matajiri. Mtu akisema msitu ni «luxurious», anayemsikia anaweza kutafuta vitanda ndani yake.

«Judicial» ni jambo la tribinali na majaji. «Judicious» ni jambo lenye busara. Uamuzi unaweza kuwa «judicial» bila kuwa «judicious», na raia wengi wamekwisha kuona hilo kwa macho yao.

«Masterful» ni mtu anayependa kutawala wengine na kutoa amri. «Masterly» ni kazi ya fundi kamili. Fowler aliona magazeti yakisifu kazi nzuri ya mtu kwa neno «masterful», na bila kujua yakawa yanasema mtu huyo ni mkali wa amri.

Kwa nini alijisumbua hivyo? Sababu yake ilikuwa wazi. Lugha ikiwa na maneno mawili yanayofanya kazi moja, pole pole watu wanayagawia kazi: hili lichukue maana hii, lile lichukue ile. Ni kama ndugu wanaogawana shamba la baba. Kila mmoja akijua mpaka wake, wote wanalima na mavuno yanaongezeka. Akija mtu wa tatu na kung'oa alama za mpaka, shamba halikui. Ni ugomvi tu unabaki. Kwa Fowler, anayechanganya maneno mapacha anapunguza mali ya lugha, kwani kesho mtu mwingine akitaka kusema tofauti ile, hatakuwa tena na neno la kuisemea.

Hakuwa mtumwa wa sheria

Watu wasiomsoma wanadhani Fowler alikuwa polisi wa lugha, wa kupiga kila mtu faini. Si kweli. Alichukia vilevile sheria za uongo ambazo walimu waliziweka bila sababu. Waingereza wengi waliogopa kumaliza sentensi kwa maneno madogo kama «of» ao «with». Fowler akaonyesha kwamba hofu hiyo haina msingi, na kwamba waandishi wakubwa wamefanya hivyo siku zote. Wengine waliogopa kuweka neno kati ya «to» na kitendo kinachofuata. Yeye aliona ni afadhali kuweka kuliko kuandika sentensi ambayo msomaji atashindwa kujua inasema nini. Na wale waliopenda maneno marefu ya kujionyesha, ao kuchomeka Kifaransa mahali Kingereza kinatosha, aliwacheka bila huruma.

Si wote waliokubaliana naye. Otto Jespersen, mtaalamu mkubwa wa lugha kutoka Denmark, alibishana naye wazi. Aliona Fowler anatoa hukumu juu ya namna watu wanavyopaswa kusema, wakati mtaalamu anapaswa kwanza kuangalia namna wanavyosema. Lawama hiyo ina ukweli. Mipaka mingine aliyoiweka Fowler haikusimama. Leo Waingereza wengi wanatumia «masterful» kusifu fundi, na hakuna anayewashangaa. Pendekezo lake la kugawa kazi kati ya «that» na «which» watu wengi hawakulifuata. Lugha ni ya wote, hakuna mtu mmoja anayeitawala, na Fowler mwenyewe alijua hivyo.

Lakini vita vingi vidogo alivishinda. Mwaka 1944, zaidi ya miaka 10 tangu kifo chake, wakati majeshi yalipojitayarisha kushuka Normandie kumtoa Hitler katika Ufaransa, Winston Churchill alisoma mpango wa shambulio na kukuta neno «intensive». Aliuliza wakubwa wa jeshi kwa nini hawakuandika «intense», akawaambia waende kumsoma Fowler. «Intense» ni kali sana. «Intensive» ni kazi iliyokusanywa mahali pamoja kwa nguvu nyingi, kama kilimo cha shamba dogo linalotunzwa sana. Katikati ya vita vikubwa hivyo, mkubwa wa serikali alipata nafasi ya kutenganisha maneno mawili.

Kila asubuhi kukimbia na kuogelea

Umaarufu haukumbadilisha Fowler. Akiwa na miaka 68, watu wa Oxford walimwambia wako tayari kumlipia mtumishi wa nyumbani ili apate nafasi ya kazi. Alikataa, akawaeleza kwamba asubuhi ile tayari alikuwa amekimbia barabarani na kuogelea katika kidimbwi cha jirani, na kwamba kazi ndogo za nyumbani zinamsaidia kukaa na afya.

Mwaka 1930 bibi yake Jessie akafa kwa kansa. Fowler alibaki katika nyumba ileile, akiendelea na kamusi nyingine aliyokuwa ameanza. Hakuimaliza. Alifariki tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1933, siku moja kisha Noeli, akiwa na miaka 75.

Kitabu chake kiliendelea kuishi. Kilitengenezwa upya mwaka 1965, tena 1996, tena 2015, kila mara na mtu mwingine, kwani Kingereza chenyewe kinabadilika. Jina la Fowler likabaki juu yake.

Leo, kwenye mipaka na Uganda na Rwanda, katika barua za kuomba kazi na katika maofisi ya mashirika, Kingereza kinazidi kuombwa kwa watu waliosomea Kifaransa. Wengi wanasikia haya wakikuta maneno mawili yanayofanana, wanaogopa kuuliza wasichekwe. Fowler aliuliza mbele ya watu wote, maisha yake yote. Mwanafunzi anayekuta «economical» kisha «economic», akasimama na kuuliza hili nalo ni la nini, ameuliza swali lilelile.